Mtawa Mweusi Jukwaani: Wanafunzi wa Makerere katika Jumba la Taifa, 1962

Mwezi wa Novemba 1962, wiki chache tu baada ya Uganda kujipatia uhuru wake, wanafunzi wa Chuo cha Makerere waliingia katika Jumba la Taifa la Maigizo mjini Kampala, wakaonyesha mchezo ambao haukutoka katika orodha ya vitabu vya mtihani wala haukuletwa kwa meli kutoka Uingereza. Mchezo huo uliitwa The Black Hermit. Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi mwenzao, James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Sisi wa Kiswahili tunaujua zaidi kwa jina la Mtawa Mweusi, tafsiri iliyotolewa mwaka 1970, na walimu wengi tumeukuta darasani ukiwa kitabu cha kusomwa tu, tena cha kusomwa kwa haraka. Makala haya yanakusudia kuurudisha mahali ulipozaliwa, yaani jukwaani, na kuuliza: wanafunzi wanapopewa jukwaa la watu wazima huingia nalo jambo gani, na huacha kitu gani mlangoni?

Swali hili si la historia peke yake. Tangu mwezi ule wa Novemba 1962 hadi leo ni miaka zaidi ya sitini. Lakini ni Julai 2022 tu ambapo Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi wa namna hiyo huleta vitabu na mitihani, na nyuma yake huja michezo ya shule. Walimu wataombwa watunge, au wawaongoze wanafunzi watunge, na siku moja watapewa ukumbi wenye pazia na taa. Yafaa basi tumtazame aliyetangulia.

Kwanza jumba lenyewe. Lilifunguliwa mwaka 1959, chini ya utawala wa Waingereza, na katika miaka yake ya mwanzo lilitumiwa sana na vyama vya maigizo vya Wazungu na Waasia waliokuwa wakikaa mjini. Si kwamba Waafrika hawakuwa na maigizo yao. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha chama cha waigizaji Waafrika tangu mwaka 1954, naye akiandika kwa Kiganda, lugha ambayo watu wa Kampala waliichekea na kuilia bila kutafuta kamusi. Hata hivyo jumba la taifa lilibeba dhana moja kubwa: kwamba maigizo ya kweli ni yale yanayofanywa mbele ya viti vilivyopangwa kwa safu, kwa watu walionunua tikiti, na kwa Kiingereza.

Makerere nayo ilikuwa na desturi yake. Mabweni yalishindana kwa michezo mifupi ya Kiingereza, na Ngũgĩ, katika kitabu chake cha kumbukumbu Birth of a Dream Weaver kilichotolewa mwaka 2016, anaeleza habari ambayo kila mwalimu wa maigizo angepaswa kuijua. Mchezo wake mfupi The Wound in the Heart ulishinda katika mashindano hayo mwaka 1962. Ilikuwa kawaida mchezo ulioshinda upelekwe katika Jumba la Taifa. Huu haukupelekwa. Habari yake ni ya mtu aliyerudi kutoka kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau akakuta mkewe amenajisiwa na ofisa wa Kizungu. Na sababu aliyopewa mwandishi, kwa maelezo yake, ni kwamba ofisa wa Kiingereza hawezi kutenda jambo kama hilo. Tazama ajabu ya hoja hiyo! Hawakusema kuwa mchezo umetungwa vibaya, wala kuwa waigizaji ni dhaifu. Walisema kwamba jambo lenyewe haliwezi kutokea duniani, kwa hiyo lisitokee jukwaani.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kuanzia kuusoma Mtawa Mweusi. Mlango uliofungwa mapema mwaka ule ulifunguliwa mwezi wa Novemba, lakini haukufunguliwa kwa mchezo ule ule. Safari hii wanafunzi hawakungoja mashindano wala hawakungoja kuteuliwa. Walikuja kwa jina la chama chao wenyewe, Chama cha Maigizo cha Wanafunzi wa Makerere, na mchezo ukaingizwa katika sherehe za uhuru. Wakati huo chuoni hapakuwa na idara ya kufundisha maigizo. Ile ya Muziki, Ngoma na Maigizo ilianzishwa mwaka 1971. Waliosimama jukwaani walikuwa wanafunzi wa masomo mengine waliofanya mazoezi baada ya vipindi.

Nawakumbusha kwa ufupi hadithi yake. Remi ni kijana wa kabila la Marua, wa kwanza na wa pekee kati yao kufika chuo kikuu. Alimpenda Thoni, lakini kabla hajatamka neno, Thoni akaolewa na kaka yake. Kaka akafa. Baba yao, naye akiwa karibu na kufa, akamtaka Remi amrithi mjane kama ilivyo mila. Remi akakubali kwa ulimi, na moyoni akaamini kuwa anapewa mwanamke asiyempenda. Akakimbilia mjini, akapata kazi katika kampuni ya mafuta, akakaa na Jane, msichana wa Kizungu. Kijijini wanamngoja watu wa namna tatu: mama yake Nyobi na mkewe, wanaomtaka mtu, wazee, wanaomtaka kiongozi wa kabila katika siasa mpya, na mchungaji, anayetaka kondoo wake arejee zizini. Wazee wanakwenda mjini na dawa, mchungaji na Biblia. Remi anarudi. Lakini anarudi na hasira ya msomi. Anaulaani ukabila, anazilaani mila, na katika kuzilaani mila anamtupa Thoni pamoja nazo. Thoni anajiua. Barua aliyoiacha inaeleza kwamba alimpenda siku zote.

Msomaji anaweza kusema: basi jukwaa limemfuga mwandishi. Katika mchezo wa kwanza mkosaji ni mtawala; katika wa pili mtawala ametoweka, na Waafrika wamebaki kulaumiana wao kwa wao mbele ya wageni waheshimiwa. Hoja hii ina uzito, nami siikatai yote. Hata hivyo tusisahau siku yenyewe. Watu wamekuja kusherehekea. Nje kuna bendera mpya. Na kijana wa miaka 24 anawaambia kwamba kabila linaweza kula taifa kabla taifa halijaota meno. Wazee wa Marua hawamtaki Remi kwa sababu ya elimu yake. Wanamtaka kwa sababu kabila halina mtu wake serikalini. Aliyeishi Uganda au Kenya miaka iliyofuata hahitaji kufafanuliwa. Kulisema hilo katika sherehe ya uhuru kulihitaji ujasiri wa namna yake, na ni ujasiri ambao mwanafunzi huwa nao kuliko mwalimu wake, kwa kuwa bado hana cheo cha kupoteza.

Kilichopotea ni kitu kingine, na wahakiki hawakukitilia mkazo wa kutosha. Katika The Wound in the Heart mwanamke ameumizwa na mtu anayejulikana, mwenye cheo na sare. Katika Mtawa Mweusi mwanamke anakufa na hakuna wa kuulizwa. Baba amekufa. Wazee walifuata mila. Mchungaji alifuata Biblia. Remi alifuata fikra zake. Kila mtu ana sehemu ya hatia, na kwa hiyo hatia inagawanyika mpaka inakuwa kama chumvi iliyotiwa ziwani. Pazia linashuka Remi akiwa amepiga magoti kando ya maiti, na macho ya hadhira yako kwake yeye, kwa majuto yake yeye. Thoni, ambaye kifo ni chake, amekuwa chombo cha kumfundisha mumewe somo.

Sasa tuje kwenye lugha, jambo linalotuhusu zaidi. Mchezo uliandikwa kwa Kiingereza, na kwa kiasi kikubwa watu wa kijijini wanazungumza kwa mistari ya kishairi, hali watu wa mjini wanazungumza kwa nathari. Kusudi linaeleweka: kijiji kina uzito wa mambo ya kale, mji una haraka. Lakini matokeo yake ni kwamba mama mzee wa Kiafrika anazungumza kama mtu aliyelelewa kwa Biblia ya Kiingereza na Shakespeare, na hatuisikii hata mara moja ile kona ya maneno ambayo mzee hupita anapotaka kumkemea kijana bila kumvunjia heshima. Maneno ya Nyobi yanajieleza mno. Mama zetu hawajielezi hivyo. Huuliza kama umekula, na katika swali hilo mna mashtaka yote.

Tusiwe wakali kupita kiasi. Makerere ilikuwa na vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika, Zanzibar na kwingineko, na Kiingereza ndicho walichokutania wote. Mkenya na Mtanganyika wangeweza kuelewana kwa Kiswahili, lakini wengi wa Waganda wa siku hizo hawakukipenda. Zaidi ya hayo, mwezi wa Juni mwaka ule ule palifanyika hapo chuoni mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza, na Ngũgĩ mwenyewe alihudhuria angali mwanafunzi. Baadaye, katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alilalamika kwamba mkutano huo haukuwa na nafasi kwa Shaaban Robert, mshairi aliyekuwa na vitabu vingi kuliko wengi wa walioalikwa, kwa sababu tu aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni. Wanafunzi walioingia Jumba la Taifa mwezi wa Novemba walikuwa wamekwisha kufundishwa, bila mtu kuwaambia waziwazi, lugha gani inapewa kiti na lugha gani inabaki uani.

Linganisha na Dar es Salaam. Ebrahim Hussein naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu alipotunga tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Yeye aliandika kwa Kiswahili juu ya Vita vya Maji Maji, na mwaka 1970 akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mwaka ule ule Mtawa Mweusi ukasafiri upande wa pili, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Vitabu viwili vya vijana wawili vilipishana njiani. Tofauti yake ni hii: watu wa Kinjeketile wanatatanishwa na neno ndani ya lugha yao wenyewe, kwa maana neno la nabii likishatoka haliwi tena lake, watu wa Mtawa Mweusi wanatatanishwa na mambo ambayo lugha ya mchezo haina majina yake. Mtu kurithi mke wa nduguye, kwa mfano. Kwa Kiingereza ni desturi ya ajabu inayohitaji maelezo jukwaani. Kwa Kiswahili ni neno moja, kurithi, na mwanafunzi yeyote analielewa kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Lakini jambo ambalo tafsiri imetupa, na ambalo asili yake haina, limo katika jina lenyewe. Kwa Kiingereza "hermit" ni mtu aliyejitenga na watu akaishi peke yake nyikani au pangoni kwa ajili ya ibada. Jina hilo ni la Remi, tena limetumika kwa kejeli, kwa kuwa nyika aliyokimbilia ni mji wenye muziki na pombe. Mtafsiri amechagua "mtawa". Basi kila ajuaye Kiswahili cha pwani anajua kwamba kutawa ni kukaa ndani, kutotoka, kutoonekana. Na neno hilo husemwa hasa juu ya mwanamke. Mwanamke aliyetawa hapiti barabarani wala haendi sokoni. Ukisoma mchezo ukiwa na maana hiyo masikioni, jina linageuka mikononi mwako. Nani ametawa hapa? Remi ana kazi, ana mpenzi, ana rafiki yake Omange wa kubishana naye siasa usiku kucha. Anayekaa ndani akimngoja mtu asiyekuja, aliyefungwa na ndoa ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaitaka, ni Thoni. Yeye ndiye mtawa mweusi. Sidhani kama mwandishi alilikusudia hilo, wala sidhani kama mtafsiri alikaa akalipima. Lugha imefanya kazi yake yenyewe, na sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tumepewa mlango ambao watazamaji wa mwaka 1962 hawakuuona.

Naona walimu wengi hufundisha mchezo huu kwa kuuliza: "Eleza dhamira ya ukabila." Mwanafunzi huandika kurasa mbili juu ya wazee na dawa yao, na Thoni hupata mstari mmoja, naye ni "mke wa Remi aliyejiua". Swali la namna hiyo linarudia kosa lile lile la wazee, mchungaji na Remi: kila mmoja alimpita Thoni akienda kwenye jambo lake kubwa.

Kuhusu jukwaa, mambo hayakusimama palipokuwa mwaka 1962. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere wakiongozwa na mwalimu wao David Cook walianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri bila kiingilio. Hawakungoja watu waje kwenye viti. Walipanda gari wakawafuata watu walipo, mashuleni na sokoni, katika Uganda na Kenya, wakiwa na michezo ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Wanafunzi waligundua jambo ambalo Jumba la Taifa haliwezi kulifundisha, kwamba mtazamaji asiyelipa tikiti huondoka mara tu mchezo unapochosha. Hiyo ni shule kali. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba jumba lenye taa na pazia halina faida kwa mwanafunzi. Lina faida kubwa: linamfundisha kunyamaza. Sokoni huwezi kunyamaza jukwaani hata kwa pumzi tatu. Jumbani unaweza, na katika Mtawa Mweusi mahali pazuri kupita pote ni pale watu wanaponyamaza.

Jumba kama hilo lina hatari pia, na si mzaha. Byron Kawadwa, mtunzi wa michezo ya Kiganda aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa Jumba hilo la Kampala, aliuawa na watu wa Idi Amin mwaka 1977. Mwaka huo huo, upande wa Kenya, Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mirii walionyesha Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu kijijini Kamĩrĩĩthũ, katika uwanja uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Serikali ikaufuta ruhusa yake, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 kikundi hicho kilipotaka kuonyesha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, katika Jumba la Taifa la Nairobi, kilikuta milango imefungwa. Ilichukua miaka 40: mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulionyeshwa katika jumba hilo hilo la Nairobi, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, mwandishi wake akiwa bado hai. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Ukimfuata kutoka Kampala mpaka hapo utaona kwamba alichokwenda kukitafuta Kamĩrĩĩthũ ni kile alichokiacha kwenye mlango wa Jumba la Taifa alipokuwa mwanafunzi: lugha ya mama anayeuliza kama umekula.

Nimalizie na ushauri kwa mwalimu atakayeuchukua Mtawa Mweusi kwa Kiswahili mwaka huu au ujao. Asiukate sana, kinachohitaji kupunguzwa ni mabishano ya siasa katika sehemu ya mjini, ambayo yamechakaa, na baadhi ya maombolezo ya Nyobi. Wazee wasichekeshe. Kuna kishawishi kikubwa cha kuwavalisha wanafunzi ndevu za pamba na kuwafanya watembee kwa kutetemeka. Hadhira itacheka, na mchezo utakufa hapo hapo, kwa sababu wazee hawa wana hoja na wanajua wanachokitaka. Mchungaji naye asiwe mlafi wala mnafiki. Ni mtu mwema asiyesikia.

Na katika sehemu yote ya mjini, ambamo kitabu kimemtoa Thoni, mimi ningemwacha jukwaani. Remi, Jane na Omange wacheze mbele, penye mwanga. Yeye awe nyuma kwenye taa hafifu, ameketi kwenye kigoda, anapepeta mtama. Asiseme neno lolote lisilokuwamo katika kitabu. Msichana atakayepewa nafasi hiyo afanye mazoezi ya kupepeta mpaka mikono yake isiitazame kazi, kwani itambidi aendelee muda wote huo bila kuwatazama wenzake wala kuitazama hadhira, na ungo usikome hata Remi anapoanza kuulalamikia upweke wake.